Bawabu Mwenye Butu Kichwani

Nimesuka vichwa vya maharusi, vya wafiwa, vya walimu wanaotaka msuko usiowachekesha wanafunzi, na vya wasichana wanaokaa kwenye kiti changu tangu asubuhi hadi adhuhuri huku wakinung'unika kwamba nawavuta. Kwa kazi hiyo sina unyenyekevu. Saluni yangu ipo Kerege, kando ya barabara iendayo Bagamoyo, na wapo wanaokatisha safari zao na kushuka pale kwa ajili ya mikono hii tu. Lakini kichwa kilichonitoa jasho kuliko vyote nilivyowahi kushika si cha mtu. Ni cha mbwa asiyenifika hata magotini.

Aliletwa na mteja wangu wa siku nyingi, mama mmoja mfanyakazi wa serikali aliyekuwa amejenga kwenye viwanja vya Mapinga, huko huko tunakoishi sisi. Alikuwa amepata uhamisho wa Dodoma. Akaniomba nimtunzie mbwa wake wiki mbili tu, mpaka atakapopata nyumba yenye uwanja. Nikamuuliza kwa nini mimi, wakati ana ndugu tele.

"Huyu ni nywele tupu," alisema. "Na kwa nywele simwamini mtu mwingine."

Ukitaka kunipata, sifia mikono yangu. Nilikubali kabla sijafikiri, na wiki mbili zile hazijaisha hadi leo.

Nyumbani tulikuwa tunaishi wawili, mimi na mama yangu. Mama ni mtu wa dini, mzaliwa wa huku huku pwani, na shughuli yake ni kusuka ukili wa mikeka. Siku hiyo nilimkuta uani amekaa kwenye jamvi lake, nikaweka kikapu chini na kumtoa yule mnyama. Alikuwa mweupe, mwenye mabaka ya kahawia masikioni, manyoya yanaburura mchangani, uso bapa, na macho makubwa ya kushangaa. Mama aliacha ukili akauliza ni kitu gani hicho. Nikamwambia ni mbwa. Akauliza ni mbwa wa mbegu gani. Nami nikamtajia lile neno la Kichina nililofundishwa.

"Shitsu."

"Shuzi?"

"Shitsu, mama."

"Astaghfirullah! Mtu mzima na umri wako huo, unatamka mashuzi mbele ya mama yako!"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nilidhani ananitania, kwa kuwa mama yangu akiamua kutania huwa hacheki hata kidogo.

Baada ya hapo akazungumza kwa utaratibu, bila hasira, na hapo ndipo nilipoacha kucheka. Alinikumbusha tuliyofundishwa sote chuoni tangu wadogo: mbwa hafugwi kwa pambo. Hufugwa wa kuwinda, wa kuchunga mifugo, au wa kulinda. Mate yake ni najisi, na chombo akikiramba huoshwa mara saba, mara moja kati ya hizo kwa udongo. Sisi hatuwindi, na mifugo yetu ni kuku wanne.

"Basi huyu ni mlinzi," nikasema haraka haraka.

Mama alimtazama mlinzi. Alikuwa amelala chali, miguu juu, akimwonyesha jogoo wetu tumbo.

"Haya," mama akasema. "Mwezi wa Rajabu ndio kwanza umeandama. Akilinda, atakaa. Mwezi wa Ramadhani ukiandama hajalinda kitu, mgeni wako arudi kwao."

Tangu siku hiyo hakumwita kwa jina wala hakumwita mbwa. Alikuwa ni mgeni wako tu. Mgeni wako amekojolea ndoo. Mgeni wako anahema kama anayekata roho. Mgeni wako ameingia kwenye tenga la kuku na kutoka hawezi.

Kwa hiyo nikawa na miezi miwili ya kumgeuza yule mpira wa pamba kuwa mlinzi. Ningekuwa na muda wa kumfundisha, labda ningefanikiwa mapema. Lakini muda wote ulikwenda kwenye kumtunza, na hakuna aliyenionya kwamba mnyama mdogo namna ile ana kazi ya familia nzima.

Tuanze na manyoya. Huku kwetu hewa ina unyevu na chumvi, na nywele ndefu zisipochanwa siku moja zinasokotana na kufanya mafundo. Viwanja vya jirani visivyojengwa vimejaa kishonanguo, zile mbegu nyeusi zinazong'ang'ania khanga. Mgeni wangu alikuwa akipita mara moja tu uchochoroni anarudi amevaa kishonanguo mwili mzima. Kila alfajiri, nikishaswali, nilikaa naye kwenye ngazi za uani, nikizichomoa moja moja na kumchana kwa kitana chekundu nilichomnunulia yeye peke yake. Ilibidi kiwe chekundu, tena kiwe cha nyumbani, maana wateja walishaanza kuuliza kwa sauti ya kujifanya hawana neno, "Dada, vitana vyako hivi havijachanganyika na vingine?"

Kosa la kwanza nililifanya kwa ujuzi wangu mwenyewe. Niliona manyoya makavu, nikayapaka mafuta ya nazi kama ninavyowapaka watu. Aling'aa kwa muda wa nusu saa. Halafu mchanga wote wa uani ukahamia kwake, sisimizi wakamfuata, naye akajiramba mpaka akaharisha siku mbili. Nilimwogesha kwa sabuni ya watoto, nikamkausha kwa mashine ya saluni, na hapo nikagundua kitu pekee alichokipenda duniani: upepo wa moto wa ile mashine. Alifumba macho akauinulia uso.

Kazi ya pili ilikuwa nywele za usoni. Zilimwingia machoni, macho yakatoa machozi, machozi yakaacha michirizi ya kahawia, ikabidi nimsafishe kila asubuhi kwa pamba na maji ya uvuguvugu yaliyochemshwa. Nikamfunga butu moja juu ya paji, kama la mtoto wa chekechea. Nilipopata nafasi nikamsuka twende kilioni, misuko midogo minne kutoka usoni kurudi nyuma, na sijifu nikisema kwamba mistari ilinyooka kuliko ya mabinti wengi. Madereva wa bodaboda wa kijiweni walisimama kumpiga picha. Mmoja wao aliniuliza kondoo huyo ni wa lini, wa Idi hii au ijayo. Nikamwambia amtazame vizuri kichwani, kisha amtazame na mkewe, aseme nani kasukwa vizuri. Wenzake walimcheka wiki nzima.

Chakula nacho. Dagaa walimsumbua tumbo. Ugali aliunusa akaondoka. Alikula wali na kuku wa kuchemsha asiye na chumvi, tena kuku wa kuchambuliwa, wakati mimi na mama tunakula mchicha. Joto la kaskazi lilipopanda alilala kwenye sakafu ya bafuni akihema, nami nililoweka khanga kuukuu kwenye maji baridi nikamtandikia. Kupe walimpata. Funza walimpata. Na kila aliponiramba, niliinuka nikachota udongo wa ndoo iliyo kando ya mlango, nikaosha mara saba. Kulikuwa na siku nilikuwa na mikono safi kuliko watu wote wa Mapinga.

Siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa nilimbeba kwenye kikapu mpaka kwenye uwanja wa ofisi ya kata. Wanaume walikuwa wamepanga foleni na mbwa wao wakubwa wa kahawia, kamba shingoni, masikio yamekatika kwa mapigano. Bwana mifugo alikuwa anajaza kadi: jina la mwenye mbwa, rangi, jinsi. Akafika kwenye matumizi.

"Matumizi ya huyu?"

"Ulinzi."

Kalamu ilimwanguka. Foleni nzima ilicheka, nami nikasimama pale nimekunja uso mpaka alipoandika neno lile, herufi kwa herufi. Lakini alikuwa mtu wa kazi yake, na alipomaliza kumchoma sindano akainua sikio moja, akalinusa, akakunja pua.

"Dada, hawa wenye masikio ya kulala, na unyevu huu wa pwani, masikio huwaoza. Usipomsafisha kila siku atakuwa kiziwi. Na mlinzi kiziwi wa kazi gani?"

Alinipa dawa ya matone. Kuanzia hapo kila jioni nilimlaza kwenye mapaja juu ya khanga yake, nikamfunua masikio, nikamsafisha kwa pamba, nikamtilia matone, kisha nikamjaribu. Nilikwenda nyuma yake nikapiga kidole, nione kama atageuka. Niligonga sufuria. Niliita kwa sauti ya chini, halafu ya juu. Akigeuka nilimsifu kama aliyefaulu mtihani. Mama alikuwa akitutazama kutoka kwenye jamvi lake, mikono ikiendelea na ukili.

Jioni moja akauliza, "Hiyo dawa inamsaidia?"

"Inamsaidia sana."

"Na binadamu hutumia?"

"Mama, hii ni ya mbwa!" nikacheka.

Akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye ukili wake. Jioni ile nimeirudia kichwani mara nyingi kuliko ninavyopenda kusema.

Katikati ya mahangaiko hayo nikaanza kuona kwamba nyumba yetu imepoa. Mama alikuwa na mashoga zake watatu, wanawake wa rika lake, waliokuwa wakija alasiri na ukili wao, wanakaa, wanakunywa kahawa, wanazungumza mambo ya watu mpaka magharibi. Nikirudi kutoka saluni nilikuwa nikiwakuta wanafunga safari. Sasa siwakuti. Jamvi lilikuwa na mtu mmoja. Nilimuuliza mama mashoga zake wako wapi, akanijibu bila kuinua macho.

"Nani atakuja kwenye nyumba yenye najisi?"

Ilinichoma. Nikakutana na mmoja wao sokoni, nikamwamkia kwa adabu zangu zote.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mama yako hajambo?"

"Hajambo, ila anawauliza."

"Anatuuliza?" akasema, na midomo akaibana. "Haya. Mwambie tumeshaelewa."

Akaondoka na kikapu chake. Nikajua ni mbwa. Mimi na tamaa yangu ya kusifiwa mikono tumemfukuzia mama yangu watu wake wa miaka yote. Nikaona kuna njia moja tu ya kujinasua: mbwa huyu alinde, tena alinde kweli, ili mama awe na la kuwajibu wenzake.

Wakati huo Shaabani ilikuwa imekwishaingia, na mlinzi hajawahi kubweka hata mara moja. Alikuwa anawapokea watu wote kwa furaha. Mtu akiingia na salamu zake, au bila salamu, alimwendea mkia ukipepea.

Halafu siku moja nikarudi mapema na mizigo mikono yote miwili, mlango wa mbele umerudishwa, nami nikapiga kelele kwa mzaha, kama mgeni, "Hodi! Hodi wenyewe!"

Nyumba ililipuka. Sikuwahi kudhani sauti ile inaweza kutoka kwenye kifua kile. Alikuja mbio kutoka uani, kucha zinakwaruza sakafu, butu linacheza, akabweka mlangoni, akarudi mbio kwa mama, akarudi tena mlangoni. Nilitupa mizigo chini. Nilikuwa na furaha ya mzazi aliyesikia neno la kwanza.

"Mama, umemsikia?"

"Nimemwona," alisema mama.

Kesho yake nikamchukua yule dereva wa bodaboda, yule wa kondoo wa Idi, ambaye kwa kweli ni kijana mzuri na tulishapatana, nikamwomba awe mwizi. Nikajificha jikoni. Aliingia kimyakimya kupitia pengo la michongoma, akanyata mpaka kwenye tenga, akamkamata kuku. Mlinzi alimkimbilia, akamnusa miguu, akalala chali akunwe tumbo. Alipomaliza kukunwa alimsindikiza mwizi pamoja na kuku mpaka nje. Dereva akazunguka aje mbele kumrudisha kuku wetu, na kwa kuwa alilelewa vizuri akasimama mlangoni akasema, "Hodi." Almanusura aumwe.

"Dada," aliniambia akiwa amepanda juu ya pikipiki yake, kuku kwapani, "hapa kwenu ni afadhali mtu awe mwizi. Mwenye adabu ndiye anayefukuzwa."

Nilimpigia simu mwenye mbwa, Dodoma. Akacheka sana. Akasema alisahau kuniambia: wanawe walimzoesha kwa biskuti, hodi ikipigwa anabweka na kwenda kumwita mtu, anapewa biskuti. Halafu akashusha sauti, akanieleza kwamba nyumba aliyopata ni ya kupanga na mwenye nyumba hataki mbwa. Kwa hiyo mbwa alikuwa wangu, kama ningeweza kubaki naye, au wa yeyote nitakayempata.

Nilimpata. Mwalimu mmoja mstaafu, mwanamke anayeishi peke yake Bagamoyo mjini, mteja wangu. Hakuwa na kizuizi cha dini wala cha mama, na alimpenda tangu alipomwona na twende kilioni yake. Tulikubaliana nimpelekee siku ya mwisho ya Shaabani, mchana, kabla watu hawajaanza kutazama mwezi. Niliandika kwenye karatasi kila kitu: macho kwa maji ya uvuguvugu, masikio kila jioni, kuku bila chumvi, kitana chekundu, asipakwe mafuta ya nazi kabisa. Karatasi ilijaa pande mbili. Nikaisoma nikaona nimefanya kazi ambayo hakuna mtu ukanda huu mzima aliyewahi kuifanya, na nimeifanya vizuri, na haikutosha. Nililia palepale saluni, nikamwambia mteja ni moshi wa nywele za bandia.

Siku yenyewe nilifunga saluni baada ya adhuhuri, dereva wa bodaboda akanileta nyumbani, nikamwambia asubiri nje nimchukue mbwa tuondoke. Mlangoni nikasimama. Kulikuwa na jozi tatu za kandambili.

Sauti zilitoka uani. Nilizijua. Nikapita ukumbini taratibu, nikasikia mmoja akisema kwa nguvu, kama anayehutubia mkutano:

"Tunabisha hodi mara tatu, kama tulivyofundishwa. Hatuitikiwi, tunaondoka. Siku ya kwanza tukasema amelala. Ya pili tukasema ametoka. Ya nne tukasema, bibi huyu katuchoka. Tangu kabla ya huyo mnyama wako kuja, dada yangu! Tangu Rajabu haijaandama!"

Na mama yangu akajibu, "Nami nilikaa hapa nikasema nyie ndio mlionichoka."

Nilitokeza uani. Wote wanne walikuwa kwenye jamvi, kahawa imemiminwa, ukili umetapakaa. Mbwa alikuwa amelala pembeni mwa jamvi, hatua mbili kutoka kwenye pindo la khanga ya mama, na mbele yake kulikuwa na vipande vya biskuti. Niliwaamkia, nikaitikiwa, kisha nikauliza lililokuwa kinywani.

"Mama, kwani ulikuwa huwasikii wakibisha hodi?"

Mashoga watatu wakatazama vikombe vyao. Mama alinitazama mdomo, si macho, na hapo ndipo nilipoona kwamba amekuwa akinitazama mdomo kwa muda mrefu.

"Sisikii, mwanangu," alisema. "Tangu maulidi ya mfungo sita. Sikio hili limekufa. Hili jingine linasikia mtu akipiga kelele. Na wewe, kwa ajili ya mashine zako za kukausha nywele, umezoea kupiga kelele tangu zamani. Ndiyo maana hukujua."

Kila jioni nilikuwa nimechungulia masikio ya mbwa kwa tochi, nimempigia kidole nione kama atageuka, na mama yangu alikuwa amekaa hatua tano kutoka kwangu akiuliza kama ile dawa binadamu hutumia. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena. Na mama naye alikuwa na ya kwake. Aliniambia palepale, mbele ya wenzake, kwamba aliposema watu hawaji kwa sababu ya najisi alikuwa anamsingizia mgeni wangu, kwa kuwa kusema hasikii kulimshinda. Akaniomba radhi. Mama yangu, kuniomba radhi mimi.

Kisha akaeleza ilivyokuwa. Tangu siku ile niliyorudi na mizigo alianza kumwangalia mbwa. Alimwona mara nyingine anaruka kutoka usingizini, anakimbilia mlangoni, anarudi, anamkazia macho, anakimbia tena. Mara ya kwanza alidhani ni wazimu. Mara ya pili aliinuka na ufagio amfukuze, akamfuata mpaka mbele, akafungua mlango, na pale nje akamkuta muuza samaki ameshageuza baiskeli anataka kuondoka.

"Nikamuuliza, wewe umebisha hodi? Akasema mara tatu, mama. Nikarudi nikamtazama mgeni wako. Nikasema, kumbe huyu anaitikia kwa niaba yangu."

Hakuniambia. Alimtuma yule muuza samaki kwa mashoga zake, awaambie kwamba wakipita tena wabishe, safari hii kuna wa kuitika. Na leo walikuwa wamebisha.

Nikasema kwamba nilikuwa nimekuja kumchukua. Kwamba mwalimu anasubiri Bagamoyo, na kikapu kipo tayari, na pikipiki iko nje. Sikujua nimalizie vipi. Sikulazimika kumalizia, kwa sababu dereva alikuwa amechoka kusubiri juani, akaja mlangoni.

"Hodi!"

Mbwa akaruka. Akaenda mlangoni mbio, akabweka, akarudi, akasimama mbele ya mama, kifua mbele, butu limepinda upande. Mama hakuwa amesikia neno lile. Alimtazama mbwa, akainua uso kuelekea ukumbini, na akaita kwa sauti kubwa, ile sauti yake ya zamani ya kukaribisha:

"Karibu!"

Dereva akachungulia kwa woga.

"Rudi kijiweni, baba," mama akamwambia. "Hakuna safari. Bawabu haachi mlango."

Jioni ile mwezi uliandama. Nilikuwa jikoni naloweka kunde za futari ya kesho yake, mama akaja akasimama mlangoni, mikono nyuma, kama mtu aliyepita tu.

"Bawabu amekula?" akauliza.

Nikamwambia amekula, nikageukia sufuria asinione uso.

Baada ya Idi tulikwenda hospitali. Sikio moja walilisafisha likarudi kidogo, la pili wakasema ni utu uzima. Mimi nimejifunza kukaa mbele yake ninapozungumza, na kila siku nikirudi kutoka Kerege, ingawa nyumba ni yangu na ufunguo ninao, nasimama mlangoni nabisha hodi. Bawabu anabweka, mama anaitikia, ndipo ninaingia. Mashoga wanakuja alasiri kama zamani, wameongezeka wawili, na mmoja wao anayejifanya hampendi ndiye anayeficha biskuti kwenye pindo la khanga. Mwalimu wa Bagamoyo nilimsuka bure, akanisamehe.

Chanjo ilipofika tena, mama alisema atakuja na sisi. Nilimwamsha mbwa mapema. Nilimwogesha, nikamkausha, nikamsuka twende kilioni kwa kitana chekundu mpaka kila mstari ukakaa mahali pake, na tukapanga foleni katikati ya wale wanaume na mbwa wao wa kamba. Hakuna aliyecheka. Wengine walikuwa wamesikia habari zake.

Bwana mifugo alitoa kadi yake, akafika pale pale.

"Matumizi? Bado ni ulinzi?" Akanitazama kwa tabasamu la mwaka jana.

Mama alikuwa amemwangalia mdomo. Akanitangulia.

"Andika bawabu."

"Mama, hapa kuna ulinzi, uwindaji na ufugaji. Hiyo haipo."

"Basi ongeza," alisema mama yangu, akasubiri pale mbele ya meza, na foleni yote ikasubiri pamoja naye, mpaka bwana mifugo alipoongeza.